Shilingi ya Mama Huenda Wapi?



Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja mzee alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Siku hiyo tulikuwa na sadaka ya misheni, nami nilikuwa nimemwona akifungua fundo la leso yake na kutoa shilingi ishirini. Akaniuliza, "Mchungaji, usinikasirikie. Hii pesa yangu huenda wapi?" Nikamjibu upesi, "Huenda kwa kazi ya Bwana, mama." Akasema asante, akaenda zake. Lakini lile halikuwa jibu, na usiku ule sikulala vizuri.

Kama mna Biblia karibu, fungueni 2 Wakorintho mlango wa 8, tangu mstari wa 16. Paulo amekusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Yeye ni mtume. Angeweza kuubeba peke yake. Hakukubali. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate sababu ya kuwalaumu juu ya fedha zile. Basi, kama Paulo alitaka shahidi, mimi ni nani hata nikasirikie swali la mama yule?

Sisi Wabaptisti tuna shida yetu ya namna ya pekee. Ndugu zetu Waanglikana wana askofu. Kwetu kila kanisa hujitawala, na hakuna mtu wa juu awezaye kuliamuru litoe hata senti moja. Je, makanisa ya namna hiyo yatamtumaje mmishenari?

Nitawapa mfano wa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, kwa kuwa ndio waliotuma wamishenari waliofika Kenya mwaka 1956. Muungano wao ulianza mwaka 1845 na jambo la aibu: walijitenga na wenzao wa kaskazini kwa sababu walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmishenari. Ilipita miaka 150 kabla ya mkutano wao mkuu kutubu dhambi hiyo hadharani, mwaka 1995. Nalitaja kwa sababu fedha za kanisa hubeba pia historia ya watu wanaozitoa.

Mwaka 1887 mmishenari mmoja huko China, Lottie Moon, aliwaandikia akina mama wa nchi yake akiwaomba watoe sadaka maalum wakati wa Krismasi. Mwaka uliofuata waliunda umoja wao, wakakusanya zaidi ya dola 3,300, zikatosha kuwatuma wafanyakazi watatu. Akina mama wa Jumuiya mnaonisikiliza, mnaijua kazi hiyo ya kuzunguka na kikapu.

Lakini kazi nyingine zilikwenda ovyo. Kila halmashauri na kila chuo kilikuwa na mtu wake wa kuzunguka makanisani akiomba. Jumapili hii anakuja wa mayatima, Jumapili ijayo wa chuo, na mwenye sauti nzuri ndiye aliyepata zaidi. Kisha mwaka 1919 wakaanzisha harambee kubwa ya miaka mitano, wakitafuta dola milioni 75. Watu waliahidi zaidi ya milioni 92. Zilizoingia ni kama milioni 58 tu. Ahadi ni deni, na hapa ilikuwa deni kweli, maana halmashauri zilikuwa zimekwisha kukopa na kutumia kwa kutegemea zile ahadi. Sisi wa Kenya tusiwacheke. Ni harambee ngapi tumeshangilia ahadi, tukaanza kujenga, na mpaka leo kuta hazina mabati?

Ndipo mwaka 1925, mjini Memphis, wakakubaliana juu ya Mpango wa Ushirikiano. Kila kanisa linaamua lenyewe litoe sehemu gani ya sadaka yake. Fedha hizo huenda kwanza kwa muungano wa jimbo. Jimbo hubakiza za kazi yake na kupeleka zilizosalia kwa muungano wa taifa. Huko hugawanywa kwa misheni za ng'ambo, misheni za nyumbani na vyuo vya wachungaji, kwa makisio yaliyopigiwa kura na wajumbe wa makanisa katika mkutano wa kila mwaka.

Mpango ulikuwa mzuri, lakini mwaka 1928 iligunduliwa kwamba mtunza hazina wa halmashauri ya misheni za nyumbani ameiba zaidi ya dola 900,000. Hakuwa na Tito wa kuandamana naye. Makanisa yangeweza kusema, "Deni si letu, kila kanisa linajitawala." Baadhi ya watu walichoka, na ni haki yao. Hata hivyo mwaka 1933 ukaanza mpango mwingine: kila atakayekubali atoe dola moja zaidi kila mwezi, kwa kulipa madeni tu. Ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Deni la mwisho lilimalizika mwaka 1943. Ni miaka mingi kuilipia hasara ambayo wakaguzi wa hesabu wangeweza kuizuia.

Katika kanisa letu sasa hesabu hubandikwa ukutani kila mwezi: kiasi kilichoingia, kilichobaki hapa, kilichopelekwa kwa misheni, na sahihi za watu watatu. Mzee mmoja alisema tunawafanya mashemasi waonekane wezi. Nilimsomea Wakorintho.

Yule mama hajui kusoma. Kila mwezi mjukuu wake humsomea karatasi ile kwa sauti, na akifika penye misheni, mama humwambia arudie.

Tuombe. Ee Bwana, wakumbuke watunza hazina wa makanisa yetu, wanaohesabu sadaka leo jioni. Uwape wenzao wa kuhesabu pamoja nao. Amina.