Ona, Amua, Tenda
(Maongezi ya wanafunzi wa chuo na wahitimu wa kisomo, Morotonga)

 

Sisi ni watoto wenu wa hapa Morotonga. Tunasoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Malimbe, Mwanza. Chuo hicho kilianza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi. Aliyekianzisha ni Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza. Mwaka 1998 kikawa chuo kikuu cha maaskofu wa Tanzania. Wanasoma watu wa dini zote.

Sisi Wakatoliki tunaishi katika jumuiya ndogo ndogo. Huyu Mngoni, huyu Muha, huyu Mkurya. Kila wiki tunakutana, tunasoma Injili, tunaulizana hali. Mwenzetu akiugua, tunampikia uji. Akifiwa, tunachanga nauli.

Tulijiuliza, je, mambo haya yalianzia wapi? Tukajifunza habari za Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mtaguso ni mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Papa Yohane wa 23 aliufungua tarehe 11 Oktoba 1962. Papa Paulo wa 6 aliufunga tarehe 8 Desemba 1965. Walikutana maaskofu zaidi ya 2,000. Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa mmoja wao.

Wazee mnakumbuka zamani. Misa ilisomwa kwa Kilatini. Padre alitupa mgongo, na watu wengi walisali rozari tu wakingoja iishe. Mtaguso uliruhusu watu wasali kwa lugha wanayoielewa. Tena ulisema kwamba Kanisa si padre peke yake. Kanisa ni watu wote wa Mungu, mkulima na mama wa nyumbani wakiwemo. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi. Wakakubaliana kujenga jumuiya ndogo ndogo, watu wasali na kusaidiana kwa ujirani.

Chuoni tunatumia njia ya maneno matatu: ona, amua, tenda. Njia hii ilienezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyefanya kazi na vijana wa viwandani. Kwanza unaona jambo lilivyo. Pili unalipima kwa Injili na kuamua. Tatu unatenda.

Sasa tuseme kosa letu. Tulipofika likizo, tulikwenda kwenye jumuiya ya hapa nyumbani. Tukashika Biblia sisi. Tukasoma sisi, tukaeleza sisi. Wazee wakakaa kimya. Jumapili ya pili mama mmoja akasema, "Wanangu, mimi nilihitimu kisomo. Nani aliwaambia sijui kusoma?" Tuliona haya. Tukampa kitabu. Alisoma polepole, neno kwa neno, na watu wote walimsikiliza.

Alipomaliza alisema, "Mnasema ona. Basi mimi nimeona. Desemba inakuja, na mabinti wetu watakeketwa."

Nyumba nzima ilinyamaza. Mnajua kwamba jambo hili huku kwetu Serengeti na Tarime ni zito. Lakini tulikuwa tumeshasema "ona", hatukuweza kufumba macho. Mama mwingine akaeleza jinsi binti wa ndugu yake alivyotoka damu nyingi mpaka akafa. Mmoja wetu akaeleza kwamba sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Anayefanya hivyo anaweza kufungwa.

Baba mmoja akauliza, "Nikikataa, nani atamwoa binti yangu? Nani atatoa ng'ombe?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa hofu ya mzazi. Tulitazamana. Tukaona swali hilo ni letu sisi vijana, maana sisi ndio tutakaooa.

Basi tuliamua hivi. Sisi wavulana tunasema leo mbele yenu: tutaoa wasichana ambao hawakukeketwa, na hatutawacheka. Akina mama wawili wamekubali kuwa kimbilio. Msichana akiogopa, aende kwao, nao watampeleka kwa mtendaji au polisi. Akina baba wanne wamesema kwamba mabinti zao watabaki shuleni. Wanne ni wachache, tunajua. Wapo wazee waliokasirika, na wengine wako hapa. Tunawaheshimu. Tunaomba tuzungumze, tusivizane.

Ndugu zetu wahitimu wa kisomo, tunawaomba mambo matatu:

1. Jumuiya ikikutana, ombeni kusoma. Msiwaachie wenye vyeti vikubwa. Ukisoma polepole bado umesoma.

2. Ukisoma jambo, uliza, "Hapa kwetu likoje?"

3. Mkikubaliana jambo, liandikeni kwenye daftari: nani atafanya nini, na lini. Mkutano ujao someni tena, muone kama limefanyika.

Sisi tutarudi Mwanza kusoma. Nyinyi mtabaki na Desemba. Mama yule ameshaandika majina ya wale akina baba wanne kwenye daftari lake la kisomo. Ukurasa bado una nafasi.