Leo Afya Yako Ina Alama Ngapi?

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ndugu mliotoka mbali kuja kunisikiliza: wazee wangu shikamooni, na wengine habari za jioni.

Mmeitikia "nzuri", hata yule ambaye mgongo umemuuma tangu alfajiri. Kwetu salamu haijibiwi kwa ugonjwa. Mgonjwa aliyelala kitandani husema "tunamshukuru Mungu", na ni baada ya kuulizwa habari za nyumbani na za watoto ndipo anaeleza jinsi nyayo zinavyomwaka moto usiku. Kazi yangu ya miaka yote hii imekuwa kutafuta namna ya kupima hicho kinachosemwa baada ya "nzuri".

Maabara hutupa mengi. Mwenye baridi yabisi hupimwa damu tukajua uvimbe una ukali gani. Lakini wagonjwa wawili wanaweza kuwa na majibu yaleyale, mmoja bado anasuka nywele za wateja wake, mwingine anamsubiri mjukuu atoke shule amfungie kitenge. Hiyo tofauti ndiyo tunayoiita ubora wa maisha unaohusiana na afya, na haionekani kwenye hadubini. Hujulikana kwa kumuuliza mwenyewe.

Mwaka 1987 watafiti wa Ulaya walianzisha kundi la EuroQol, na dodoso lao, EQ-5D, limesambaa duniani. Linauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Katika toleo jipya kila jambo lina ngazi tano, tangu kutokuwa na shida hadi kushindwa kabisa, na kwa hiyo hali za afya zinazoweza kuelezwa ni 3,125. Kila hali hupewa thamani: 1 ni afya kamili, 0 ni sawa na kufa. Anayeishi miaka 10 katika hali yenye thamani ya 0.6 anahesabiwa kuwa amepata miaka 6 ya afya kamili. Kwa hesabu kama hizo, nchi nyingine huamua dawa ipi inunuliwe kwa fedha za umma.

Thamani hizo hupatikana kwa swali zito. Mtu huambiwa: fikiria utaishi miaka 10 katika hali hii, kisha ufe. Ungekubali miaka mingapi pungufu, mradi uishi ukiwa mzima? Uingereza, kwa toleo la zamani la dodoso hilo, waliulizwa watu takribani 3,000, na hali mbaya kuliko zote ikapata hasi 0.594, yaani waliiona mbaya kuliko kifo. Mwanafunzi wangu mmoja alikataa kuuliza swali hilo kijijini kwao. Alisema mzee atamwona anamtabiria mauti. Nilimwelewa, na bado naamini swali lenyewe lazima liulizwe, kwa adabu na kwa maneno yetu, kwa sababu tusipoliuliza tutaazima majibu ya watu wengine. Watafiti waliofanya kazi Harare waliliona hilo mapema: mwaka 2003 walichapisha thamani zilizotolewa na Wazimbabwe wenyewe.

Dodoso jingine maarufu, SF-36, linatupa somo lilelile. Katika Kiingereza chake, mfano wa kazi ya wastani ni kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, au kucheza gofu. Wasomi waliolileta katika Kiswahili, wakalijaribu Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 1999, walifanya kazi ya heshima kubwa. Hata hivyo, dodoso lililotafsiriwa vizuri bado linauliza maswali ya kwao. Haliulizi kama mgonjwa anaweza kuchuchumaa chooni, kusujudu, kujitwisha ndoo ya maji. Haliulizi kama amekwenda msibani. Na neno "sonona" tuliloliweka vitabuni kwa ugonjwa wa huzuni, wengi hawalitumii. Mtu hukwambia tu, "nina mawazo".

Nakumbuka mama mmoja wa makamo mwenye baridi yabisi, vidole vimepinda. Mwishoni mwa EQ-5D kuna kipimo kama cha joto, kutoka 0 hadi 100, na mtu huweka alama ya afya yake ya siku hiyo. Akaweka 80. Nikadhani hakuelewa, nikamweleza tena. "Mwanangu, nimeelewa. Juzi nilinyanyuliwa. Leo nimejinyanyua." Wagonjwa wa muda mrefu mara nyingi huipa hali yao thamani kubwa kuliko tunavyoikadiria sisi wazima. Wamejipanga upya. Naliona hilo kuwa jambo la heshima, na linanitia hofu pia, kwa sababu yupo mpangaji wa bajeti atakayeitazama 80 ile na kusema huyu hahitaji dawa.

Nilipofunga daftari, mama yule aliniuliza kama kwenye karatasi zangu kuna mahali pa mazishi ya dada yake, ambayo hakuhudhuria kwa sababu asingeweza kukaa chini na wenzake. Hapakuwapo. Niliandika pembeni kwa kalamu. Dodoso tunaloanza kulijaribu mwezi ujao linaanzia pale pembeni, na swali lake la kwanza ni hili: mara ya mwisho ulikaa mkekani na watu ukainuka mwenyewe ilikuwa lini?