Kiungio Kilichofungwa kwa Mikono Yetu: Funzo la Jamvi la Ghala



Nimekuja na jamvi moja tu. Lilikuwa la ghala hapa Dar es Salaam: urefu mita 48, upana mita 24, unene milimita 150. Mchoro haukuwa na kasoro. Viungio vilipangwa kila mita 4.8, yaani mara 32 ya unene, na vipande vyote vilikuwa mraba. Mashine ya kukatia ilifika mapema, tukakata milimita 40 kwenda chini kabla zege halijajipasua lenyewe. Hata hivyo, mwaka haukuisha zikatokea nyufa sambamba na viungio, shubiri moja tu kutoka kwenye mistari tuliyoikata. Mistari yenyewe ilibaki imefumba.

Tulipovunja tukakuta nondo. Mchoro ulitaka nondo laini za milimita 20, urefu milimita 400, zilale katikati ya unene kila baada ya milimita 300, upande mmoja upakwe grisi. Zilizolazwa zilikuwa za mbavu, masalia ya nguzo, tena zimefungwa waya kwenye wavu pande zote mbili. Grisi hakuna. Mkaguzi wa asubuhi ile nilikuwa mimi. Nilizihesabu nondo, sikuzishika.

Tupige hesabu. Zege likikauka husinyaa, na nusu milimita kwa kila mita si jambo la ajabu. Kipande cha mita 4.8 kinataka kujivuta milimita 2.4. Joto lina sehemu ndogo: kila mita hubadilika takriban milimita 0.01 kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hivyo tofauti ya nyuzi 10 chini ya paa haifikishi hata nusu milimita kwa kipande hichohicho. Ndiyo maana hunishangaza kusikia kila mwanya ukiitwa kiungio cha kutanuka. (Slabu ya paa inayopigwa jua kutwa ina mambo yake.)

Chini ya mkato, kokoto za pande mbili hushikana kama meno. Mwanya ukizidi takriban milimita 1, meno huachana; gurudumu la forklifti likipita, kipande kimoja hushuka, cha pili hubaki, na kingo huanza kumeguka. Hapo ndipo nondo laini ina kazi: ibebe mzigo, lakini iache zege liteleze. Isipoteleza, zege hukatika pale nondo inapoishia. Nusu ya milimita 400 ndiyo ile shubiri yetu. Nondo laini iliyolala upande nayo hufunga vilevile, kwa hiyo zikae kwenye vikalio imara, zote sambamba, na wavu ukatwe kwenye kila kiungio. Mkaguzi ashike kila nondo. Kidole kikitoka kikavu, gari la zege lisubiri.

Kwenye nguzo, litengeni jamvi kwa ubao laini unaobonyea, unene wote, katika umbo la almasi ambalo pembe zake zinakutana na viungio. Kuziba mianya kusiharakishwe, maana bado inafunguka.

Lile jamvi tulilikata ukanda wa milimita 600 kwenye kila kiungio kilichogoma, tukalaza nondo mpya upande mmoja na kuunga upande wa pili kwa epoksi. Mwenye ghala alihamisha magunia yake mara mbili, na gharama tulibeba sisi.