SAFARI YA BAISKELI HADI MOMBASA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulitoka Nairobi watu sita kwa baiskeli ili tumchangie mwenzetu aliyekatwa mguu na behewa akiwa kazini. Ninyi mliahidi fedha kwa kila kilomita ya kila mtu, na njia yenyewe ni kama kilomita 480.

Usiku wa pili tulilala Makindu, katika hekalu la Masingasinga. Lilijengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli, na hata leo msafiri hupewa chakula na malazi bila malipo. Hatukuulizwa kabila wala dini.

Mtito Andei, karibu nusu ya njia, mmoja wetu alivimba goti, ikabidi apandishwe lori. Watano tulifika Mombasa. Ndugu, kilomita ambazo yeye hakuendesha tumezitoa katika hesabu. Hatutaki hata senti moja ya jasho lisilotoka.

Basi nasi tunawaomba: kila aliyeahidi atoe mwisho wa mwezi, kabla hajapita dukani. Mguu wa bandia haununuliwi kwa makofi. Ahadi ni deni.