Baada ya Kidato cha Nne Dagahaley

Msikilizaji, mtihani wa KCSE ukishapita, kijana wa Dagahaley mwenye alama nzuri hukabiliwa na mtihani mwingine: aende wapi? Kambi hii ya wakimbizi, mojawapo ya zile za Dadaab nchini Kenya, ilifunguliwa 1992. Watahiniwa wengi wamezaliwa humo humo. Kutoka nje ya Dadaab, hata kwa masomo, mkimbizi huhitaji kibali.

Nafasi inayogombewa sana ni udhamini wa kusoma Kanada wa shirika la WUSC, mpango wa tangu 1978 unaochangiwa na wanafunzi wa huko. Wachache wanaochaguliwa hunolewa kabla ya safari: Kiingereza cha chuo, kompyuta, hata jinsi ya kuishi na baridi, somo la ajabu kwenye joto lile. Vizuri. Lakini mbona wanolewe waliokwisha kubahatika tu? Anayebaki ndiye mwenye haja zaidi ya kujua namna ya kuomba chuo Garissa, kusajili biashara, kudai hati anazostahili chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Na kufundisha wanaobaki kunawezekana: mradi wa BHER, ulioanza 2013, ulifikisha masomo ya chuo kikuu Dadaab kwenyewe, na walimu wa kambini wakanufaika. Basi maandalizi ya wote yaanze likizo ya Agosti, Kidato cha Tatu, matokeo yakiwa bado mbali.