Ardhi ya Kijiji na Njia ya Wanyama
(Mazungumzo na makatibu wa vyama vya msingi, Daudi)



Kati ya mashamba ya Daudi na Ziwa Manyara umesimama Msitu wa Marang. Mwaka 2009 msitu huo uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Kiwanja kilichoko karibu na hifadhi sasa kina wateja wengi, na hapana budi kutafakari kabla ya kuuza.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, liko fundisho. Kwakuchinja ndiko wanyama wapitako baina ya Manyara na Tarangire. Barabara ya Arusha kwenda Babati imeikatiza njia hiyo. Mashamba, nyumba na kambi za wageni vimeongezeka, na mapito yamekuwa membamba. Tembo aliyezibiwa njia haahirishi safari; hupita katika mahindi. Aliyeuza kiwanja amekwisha kuondoka na fedha zake. Jirani aliyebaki ndiye akeshaye shambani, na mavuno yakiharibika, mkopo wa pembejeo haulipiki na chama kinadhoofika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Basi makatibu wawahimize wanachama kuhudhuria na kuuliza: kiwanja kiko wapi, kutajengwa nini, wanyama watapita wapi? Majibu yaandikwe katika muhtasari. Anyamazaye mkutanoni amekubali, naye asije akalalamika tembo wakiwa shambani.