Pikipiki ya Mwalimu: Iendeshwe au Itunzwe?



Baadhi yetu wanataka BSA Bantam aliyotuachia marehemu mwalimu wetu ifungiwe katika kabati la vioo. Hofu yao naielewa: pikipiki hizi ziliundwa Uingereza tangu 1948, uundaji ukakoma 1971, na vipuri ni adimu. Lakini chombo kisichotembea huoza kimyakimya: petroli hugeuka ulimbo ndani ya kabureta, mipira hukauka na kupasuka, silinda hushika kutu.

Napendekeza iendeshwe polepole uwanjani mara moja kwa mwezi, na vijana wa kidato cha tatu wafundishwe kuchanganya petroli na oili na kusafisha plagi. Sisi tukishaondoka, nani ataiwasha?